Amana ya Changuu

Mwaka 1919 kobe wanne wakubwa waliletwa katika kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe wa Unguja. Walikuwa zawadi ya Gavana Mwingereza wa Shelisheli, na asili yao ilikuwa mbali zaidi, katika kisiwa cha Aldabra. Unguja wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na kiti cha enzi kilikuwa cha Sayyid Khalifa bin Harub. Zawadi baina ya watawala aghalabu huwa panga, saa, farasi au vitambaa vya thamani. Vitu vya kutundikwa ukutani, kupandwa au kufungiwa kashani. Kobe hamo katika hesabu hiyo. Anayepewa kobe hukabidhiwa kazi, na kazi hiyo haimaliziki katika umri wa yule aliyeipokea. Gavana ameshakufa, Sultani ameshakufa, tawala zao zote mbili zimeshaondoka, na ukoo wa wale wanne ungali ukitafuna majani kivulini.

Watu husema kwamba ukimwona kobe juu ya mti, jua amepandishwa. Msemo huu hutumiwa kumsuta mtu aliyefikishwa katika cheo asichokistahili. Lakini ukichukuliwa kama ulivyo, bila ya mafumbo, unabeba jambo zito zaidi. Kobe hakupanda peke yake, wala hawezi kushuka peke yake. Aliyempandisha ndiye mwenye dhima ya kumlisha huko juu, kumkinga na jua na kuhakikisha kwamba haanguki. Kobe wa Changuu ni kobe wa juu ya mti. Historia yao ni historia ya dhima hiyo: jinsi ilivyopokelewa, jinsi ilivyotupwa, na jinsi ilivyookotwa tena ikiwa imebaki kidogo sana.

Walikotoka

Aldabra ni duara la visiwa vinne vikubwa vya mawe ya matumbawe, vilivyozunguka bahari ndogo iliyotulia katikati. Ipo yapata kilomita 640 kutoka mwambao wa Afrika. Katika visiwa hivyo kobe ndiye mlaji mkuu wa majani, akishika nafasi ambayo bara hushikwa na nyati, swala na pundamilia. Dume lililokomaa huweza kufikia uzito wa kilo 250. Jike hupungua hapo. Kwa kuwa malisho yale yale yameliwa na midomo ile ile kwa karne zisizohesabika, baadhi ya nyasi na mimea ya Aldabra imezoea kuishi chini chini, ikitoa mbegu karibu kabisa na ardhi, mahali ambapo mdomo wa kobe haufiki.

Siku ya kobe huko ina ratiba isiyobadilika. Asubuhi hulisha. Jua likipanda hushika njia kuelekea kwenye kivuli cha mti au pango la jiwe, na jioni hurudi malishoni. Safari hiyo ya kivulini si ya anasa. Kobe hana namna ya kutoa jasho akapoa, na anayekutwa na jua la mchana uwandani huweza kufa kwa joto ndani ya gamba lake mwenyewe. Maji huyatafuta katika vidimbwi vya mvua juu ya mawe, na dimbwi likiwa la kina kidogo mno huweza kuyanywa kwa pua. Chakula kikavu chenye nyuzi nyingi, kivuli kilicho karibu, maji ya kina kifupi, udongo wa kuchimba tundu la mayai: hayo ndiyo mambo manne yaliyomlea. Kila anayetaka kumfuga mahali pengine hana budi kuyahamisha yote manne pamoja naye.

Zamani kobe wakubwa wa jamaa hii walikuwa wengi katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Morisi ilikuwa nao, Rodrigues na Réunion vilikuwa nao, na visiwa vya Shelisheli vilivyo karibu na Mahé vilikuwa nao. Kilichowaangamiza ni sifa yao njema, yaani subira. Mabaharia wa Ulaya waligundua kwamba kobe huweza kukaa miezi ndani ya merikebu bila ya chakula wala maji, akabaki hai mpaka siku ya kuchinjwa. Basi akafanywa ghala la nyama isiyooza. Walipakiwa kwa mamia, kisiwa baada ya kisiwa, mpaka visiwa vikawa vitupu. Mwaka 1874 Charles Darwin na wataalamu wenziwe walimwandikia Gavana wa Morisi, ambaye mamlaka yake wakati huo yalifika Shelisheli, wakimwomba awalinde kobe wa Aldabra kabla na wao hawajamalizwa. Wakalindwa. Mwaka 1982 Aldabra iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na kobe wake hukadiriwa kufikia laki moja.

Katika habari hiyo ya merikebu mna fundisho ambalo wafugaji wengi hawajalipata mpaka leo. Kobe kustahimili njaa si kusema kwamba njaa haimdhuru. Hapigi kelele kama mbuzi, halii mlangoni kama paka, hakondi akaonekana mbavu kama punda. Maumivu yake huyaweka ndani ya gamba, na yanapodhihiri nje huwa yameshakaa miaka. Ndiyo maana mnyama huyu, anayedhaniwa kuwa mwepesi kuliko wote kufugwa, huwa mwepesi kuliko wote kuuliwa polepole na watu wanaompenda.

Kisiwa cha vifungo

Changuu, kilichopewa jina la samaki, ni kisiwa kidogo. Urefu wake ni yapata mita 800, na kutoka forodhani hadi huko hapafiki kilomita sita. Katika miaka ya 1860, zama za Sayyid Majid, kilitolewa kwa Waarabu wawili waliokitumia kuwafungia watumwa wakaidi. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Waziri wa Kwanza wa Serikali ya Unguja, alikinunua kwa niaba ya Serikali hiyo, na mwaka uliofuata likajengwa gereza. Kwa sababu ya jengo hilo wageni wangali wakikiita Kisiwa cha Gereza. Lakini gereza halikupata kutiwa wafungwa. Liligeuzwa karantini, mahali pa kuwaweka wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini.

Kisiwa hicho, basi, kilitengwa mara tatu kwa ajili ya kuwazuilia watu: mtumwa, mfungwa na mgonjwa. Wote hao wametoweka, na waliokifanya makazi ni kobe, ambao hawakukusudiwa hapo mwanzo. Na ilitokea kwamba mahali pale paliwafaa. Chini ni mawe ya matumbawe kama kwao. Vichaka vipo, vivuli vipo, na udongo laini wa kuchimba upo. Upepo wa kusi unaopita Aldabra hupita na Unguja, na baridi ya kumwumiza kobe haipo mwaka mzima. Kisiwa hakikuwa na simba wala fisi, na bahari ilikuwa ndiyo ukuta. Wale wanne walizaana hata ilipofika mwaka 1955 walikuwa yapata mia mbili.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Kobe jike hutaga mayai yake katika tundu analolichimba kwa miguu ya nyuma, akalifukia, akaondoka. Mayai hukaa ardhini miezi mingi, hata minane, kwa kadiri ya joto. Mtoto akitoka hutosha katika kiganja cha mkono, na hatafikia umri wa kuzaa mpaka apite miaka ishirini, pengine thelathini. Kwa hivyo kundi la mia mbili si jambo la msimu mmoja. Ni akiba iliyowekwa polepole, na akiba ya namna hiyo ikichotwa hairudi kwa haraka ya mchotaji.

Ikachotwa. Bahari iliyokuwa ukuta kwa kobe haikuwa ukuta kwa mwenye mashua. Wengine waliibwa kwa ajili ya nyama. Wengi zaidi, hasa wadogo, kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo kwa watu waliotaka kobe wa kufuga nyumbani. Mwaka 1988 walikuwa wamebaki kiasi cha mia moja. Mwaka 1990 walikuwa hamsini. Mwaka 1996 walikuwa saba. Mwaka huo huo watoto themanini walipelekwa kisiwani ili kuongeza idadi, na arubaini kati yao wakatoweka.

Tofauti ya tarakimu hizo na zile za mabaharia ni ndogo. Baharia alimchukua kobe kwa njaa, na mnunuzi wa karne ya ishirini alimchukua kwa mapenzi. Kisiwa hakioni tofauti. Na mapenzi yenyewe aghalabu hayakuwa na elimu. Mtoto wa kobe wa Aldabra anayeuzwa katika mji wa baridi ni mzuri, mdogo, mtulivu. Mnunuzi haambiwi kwamba kiumbe huyo atakuwa mzito kuliko watu watatu, kwamba taa ya umeme haitoshi badala ya jua la Ikweta, wala kwamba iwapo atatunzwa vyema atamzika mnunuzi, atawazika watoto wake, na huenda akawazika na wajukuu.

Ukuta na kilichomo ndani yake

Kilichowaokoa waliobaki ni jambo lisilo la kishairi hata kidogo: ukuta. Serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na Jumuiya ya Ulimwengu ya Kuwalinda Wanyama, WSPA, iliyobadilisha jina mwaka 2014, ilijenga uwanja mkubwa uliozungushiwa ili kuwalinda. Kufikia mwaka 2000 walihesabiwa wakubwa 17, wa makamo 50 na watoto 90. Kobe walikuwa ni wale wale, kisiwa ni kile kile, na majani ni yale yale. Kilichozidi ni mlango unaofungwa na mtu anayewajibika kuufunga.

Lakini ukuta peke yake si makazi, na kisa cha kobe mwingine chaonyesha hivyo. Mwaka 1766 Mfaransa Marion du Fresne alimchukua kobe kutoka Shelisheli akampeleka Morisi, ambako alikaa na askari wa mizinga huko Port Louis. Alikuwa mkubwa tayari siku aliyofika. Wafaransa waliondoka na Waingereza wakaingia mwaka 1810. Kobe hakuhama, akageuka kuwa wa jeshi jipya. Akaishi ngomeni miaka 152. Mwisho alipofuka macho, na mwaka 1918 alianguka katika shimo la kuwekea mzinga, akafa. Hakuuawa na uzee. Aliuawa na nyumba iliyojengwa kwa ajili ya silaha, ambayo hakuna aliyeitazama upya kwa jicho la kiumbe asiyeona. Mwaka uliofuata ndio ule wale wanne walipoletwa Changuu.

Makazi ya kobe, basi, huanza chini, kwenye ardhi anayokanyaga. Sakafu ya saruji ni rahisi kufagiwa, lakini hukwaruza gamba la tumboni, huchoma kwa joto mchana, na haimpi jike mahali pa kutagia. Jike asiyepata udongo huweza kuyazuia mayai tumboni hata yakamdhuru. Ardhi iwe ya udongo na mchanga, isiyotuama maji wakati wa masika. Mashimo, visima na ngazi vizibwe au vizungushiwe, kwa sababu kobe akipinduka chali mahali ambapo hawezi kujigeuza, uzito wa matumbo hukandamiza mapafu, na jua likimkuta hivyo hana muda mrefu.

Uzio nao una hila yake. Kobe hapendi kizuizi anachokiona upande wa pili. Akiwekewa wavu wa waya atausukuma kutwa, atapitisha kichwa na mguu mpaka ajikwaruze au anase. Ukuta wa mawe usiopenya jicho humtuliza; hugeuka akaenda zake. Wakubwa wa jamii ya Aldabra wana nguvu za kuangusha uzio wa miti, kwa hivyo mawe ni bora kuliko fito. Ndani yake pawe na kivuli cha miti kisichokosekana saa yoyote, na banda dogo lenye paa la makuti kwa ajili ya mvua kubwa. Maji yawekwe katika chombo kipana na kifupi ambamo kobe huweza kuingia na kutoka bila ya kuinua kidevu kuogopa kuzama, na yabadilishwe kila siku, maana humo humo ndimo atakamokunywa na ndimo atakamojisaidia.

Watoto huhitaji zaidi ya hayo. Gamba la kobe mchanga bado ni laini, na maadui zake ni wengi: panya, paka, kenge, siafu, na kunguru wa Kihindi, ndege ambaye naye aliletwa Unguja na binadamu katika miaka ya 1890. Kizimba cha watoto hakina budi kufunikwa juu kwa wavu na kufungwa imara usiku, mbali na wakubwa wanaoweza kuwakanyaga bila ya kujua. Maji yao yasipite kina cha kidevu, na mara kadhaa kwa wiki walowekwe kwa muda mfupi, kwani mtoto hukauka upesi kuliko mkubwa.

Malisho

Mgeni anayefika Changuu huwakuta kobe wakinyoosha shingo kuelekea mkono wenye majani. Wengine wameandikwa migongoni, kwa rangi, umri wanaokadiriwa kuwa nao. Kulisha ndiko kunakompendeza mgeni kuliko yote, na humo ndimo yalimo makosa mengi ya wafugaji wa kila mahali, kwa sababu kobe hupokea karibu kila anachopewa. Hula ndizi, hula mkate, hula wali uliobaki, hula ganda la embe pamoja na mfuko wa plastiki uliolifunga. Kupokea kwake si ushahidi kwamba kimemfaa.

Tumbo la kobe wa Aldabra limeumbwa kwa nyasi. Nyasi na majani makavu yenye nyuzi hukaa tumboni muda mrefu, yakavunjwavunjwa na vijidudu vyenye manufaa wanaoishi humo. Matunda matamu yakizidi, sukari huchacha, vijidudu hao huvurugika, na kobe huharisha au hujaa gesi. Wali, mkate na ugali huleta madhara kama hayo. Nyama, maziwa na chakula cha paka humpa protini ambayo figo zake haziwezi kuibeba. Mchicha na spinachi, ambavyo watu wengi hudhani kuwa ni chakula chake halisi, vina tindikali inayoishika kalsiamu isiingie mwilini. Fungu moja kwa wakati si neno, lakini kumlisha hivyo kila siku ni kumnyang'anya mifupa huku ukimshibisha.

Chakula kinachofaa kwa bahati njema ni cha bei nafuu, na mwambao umejaaliwa nacho. Sehemu kubwa iwe nyasi, mbichi na kavu, ambazo hazikupuliziwa dawa. Juu ya nyasi huongezwa majani ya mforsadi, matembele kwa kiasi, vipande vya mpungate ulioondolewa miiba, na magugu laini ya shambani. Karoti, boga na tango ni vya mara moja moja. Embe, papai au ndizi ni peremende. Kipande kidogo, siku moja katika siku nyingi. Mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni, ukiachwa uwanjani, humpa kobe kalsiamu na humnolea mdomo. Na juu ya yote hayo, jua lenyewe, si kupitia kioo cha dirisha, kwa sababu bila ya jua mwili hautengenezi vitamini D, na bila ya vitamini hiyo kalsiamu yote huwa ni bure.

Dalili ya malezi mabaya husomeka mgongoni. Mtoto aliyeharakishwa kukua kwa chakula kizito, katika ukavu na pasipo jua la kutosha, gamba lake halinyooki. Kila kigae huinuka kikawa kilima, na mgongo mzima ukawa kama mji wa mapaa yaliyochongoka. Kilima hicho hakishuki tena. Chakula kinaweza kurekebishwa, ukuaji wa baadaye ukawa mzuri, lakini miaka ile ya mwanzo hubaki imeandikwa hapo mpaka kufa kwake, na kufa kwake kunaweza kuwa mbali.

Hata hivyo uzee haufungi mlango wa marekebisho. Katika kisiwa cha Saint Helena, kwenye Bahari ya Atlantiki, kobe wa Shelisheli aitwaye Jonathan alifikishwa mwaka 1882 akiwa mkubwa, akawekwa katika uwanja wa nyumba ya Gavana. Mwaka 2022 kisiwa kilimsherehekea kutimiza miaka 190 kwa makadirio. Miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa ameshapofuka na kupoteza uwezo wa kunusa. Mdomo wake, ambao ndio meno ya kobe, ulikuwa umelainika na kuwa butu, hivi kwamba alipofunga kinywa juu ya nyasi hakukata kitu. Alikuwa akifa njaa katikati ya malisho. Daktari wa mifugo wa kisiwa akaanza kumlisha kwa mkono mara moja kwa wiki, matunda na mboga, kinyume cha ada ya chakula cha kobe mzima, kwa kuwa huyu alipungukiwa na kila kitu. Mdomo ukapata makali tena, na akaweza kujilishia nyasi mwenyewe. Kanuni ya malisho, kumbe, si orodha iliyobandikwa mlangoni. Ni jicho la mtu anayemtazama kobe wake akila, akagundua siku aliposhindwa kukata jani.

Mkono wa mgeni

Yamebaki madhara yanayotoka kwa watu wasio na nia mbaya. Kumpanda kobe mgongoni ili kupigwa picha kunadhaniwa kuwa ni mchezo, kwa vile gamba huonekana kama jiwe. Gamba si jiwe. Ni mfupa ulio hai, umeungana na uti wa mgongo na mbavu, una damu na una fahamu. Chini yake tu ndipo yalipo mapafu. Kulitoboa tundu la kupitishia kamba, jambo lililozoeleka katika nyumba nyingi, ni sawa na kumtoboa mnyama mwingine ubavuni. Kumnyanyua kobe mdogo kwa mkono mmoja na kumgeuzageuza humtia hofu, na akiponyoka huweza kupasuka.

Mwenye kumgusa naye ana haki ya kujikinga. Kobe mwenye afya njema huweza kubeba vijidudu vya salmonela bila ya kuugua, vikamwumiza mtu, hasa mtoto mdogo. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumlisha, na kutoosha vyombo vyake pamoja na sahani za jikoni, kunatosha kuliondoa tatizo hilo kwa sehemu kubwa.

Juu ya hayo ipo sheria, ambayo si ya wazungu wa mbali peke yao. Kobe wa Aldabra yumo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, CITES, na hauzwi nje ya nchi bila ya kibali. Bara ya Tanzania na Kenya yupo kobe wake aliyepatwa na masaibu ya Changuu: kobe wa miamba, mwembamba kama chapati, mwenye gamba laini linalomwezesha kujibana katika nyufa za mawe, ambaye hutaga yai moja moja. Alisafirishwa kwa wingi ng'ambo katika miaka ya 1980 na 1990 kwa wafugaji wa majumbani. Mwaka 2019 alipandishwa katika fungu la juu kabisa la mkataba huo, ambalo biashara yake ya kimataifa hairuhusiwi kwa waliochukuliwa porini. Anayemwokota kobe njiani, basi, hafanyi huruma kwa kumpeleka nyumbani. Huruma ni kumvusha barabara kuelekea upande aliokuwa akiuendea, na kumwacha.

Kwa yule ambaye tayari kobe yumo nyumbani mwake, pengine tangu enzi za babu yake, swali la lishe na banda halina shida kubwa. Majibu yake yamo katika shamba na ufukwe wake. Swali gumu ni la mrithi. Mali huandikiwa wasia, nyumba huandikiwa wasia, na kobe, atakayeishi kuliko saruji ya nyumba yenyewe, mara nyingi haandikiwi neno. Mtunzaji wa kobe ni mtu wa katikati, aliyepokea kutoka kwa mtu na atakayempa mtu, na kazi yake haijatimia mpaka amjue huyo wa pili kwa jina.

Wale watoto 90 waliohesabiwa Changuu mwaka 2000, yeyote kati yao aliyesalimika na panya, kunguru, kikapu cha mwizi na plastiki ya mgeni, ndiyo kwanza anaufikia umri wa kutaga. Waliomfungia mlango usiku alipokuwa saizi ya kiganja wamezeeka. Yeye ujana wake unaanza sasa, na atahitaji nyasi kesho asubuhi.